Kihisi cha sukari kinapogoma: dalili, chanzo na la kufanya

Mimi ni fundi simu, Mtwara mjini. Sijasomea udaktari wala uuguzi. Mama yangu ana kisukari na anachoma insulini, na tangu aanze kuvaa kihisi cha sukari nyuma ya mkono, wenzake wa kliniki humuuliza nani anamsaidia kikisumbua. Anawaelekeza kwangu. Kwa hiyo mbali na vioo vilivyopasuka na simu zisizoingiza chaji, napokea watu kutoka Mikindani, Nanguruwe, Newala, hata Mingoyo na Lindi mjini, na wengi huanza kwa maneno yale yale: "Mwanangu, hii sukari imegoma."

Shida zenyewe zinajirudia. Nimezipanga hapa kwa dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kikitangulia. Palipo na jambo la daktari nimesema wazi uache kifaa uende hospitali, na naomba hapo usibishane nami.

Kwanza ujue kidude hiki kinapima nini. Kihisi, ambacho wengi wanakiita sensa, kina uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi. Hakigusi damu. Kinasoma sukari iliyomo kwenye majimaji yanayozunguka chembe za mwili. Sukari huingia kwenye damu kwanza, ndipo ifike kwenye majimaji hayo, kwa hiyo namba ya kihisi huwa nyuma ya ile ya kidole kwa dakika 5 hadi 15. Ukiwa umetulia na sukari yako imetulia, huoni tofauti. Ukitoka kula au ukitoka shambani, utaiona. Mengi ya malalamiko ninayoletewa yanaanzia hapa.

Mtazame mtu kwanza, simu baadaye

Mtu akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akiongea yasiyoeleweka au akiwa mkali ghafla bila sababu, usianze kutafuta kosa la kifaa. Mchome kidole. Kama huna kipimo karibu, mchukulie kuwa sukari imeshuka. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima kidole tena. Ikiwa bado iko chini ya 3.9 (kwa milimoli, kama hospitali zetu zinavyosoma), rudia. Ikishapanda, mpe chakula.

Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni: si asali, si soda, si chochote. Mlaze ubavu na tafuta gari au bajaji. Aliye Mtwara mjini ana Ligula, wa Lindi ana Sokoine, wa upande wa Masasi ana Ndanda. Aliye mbali aende kituo cha afya kilicho karibu, asikae kungoja usafiri wa mjini.

Upande wa pili ni sukari iliyopanda. Ikizidi 14 na mtu anatapika, anavuta pumzi ndefu za haraka, pumzi ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, au anasinzia mchana, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, hasa kwa anayetumia insulini. Huko watampima ketoni, tindikali inayojaa kwenye damu insulini ikipungua mwilini. Usimsubirishe kwa sababu namba kwenye simu imeanza kushuka kidogo.

Alamu ya sukari chini inalia usiku, lakini mtu yuko mzima

Hii ndiyo iliyonipa hofu kuliko zote. Ilikuwa saa nane usiku, wiki ya kwanza ya mama na kihisi chake. Simu ililia, namba ilikuwa 3.1 na mshale unaelekea chini. Nilifika chumbani na soda mkononi. Mama alikaa kitandani, ngozi kavu, akaniuliza, "Kuna msiba?" Nilimchoma kidole, kikasema 7.4. Ndipo nikauona mkono wake wa kushoto. Kamba za kitanda, pale godoro lilipokuwa limesogea, zilikuwa zimeacha mistari minne kwenye ngozi, mmoja ukipita ukingoni mwa kihisi kabisa. Alikuwa amekilalia.

Chanzo cha kwanza basi ni hicho, kulalia kihisi. Uzito wa mwili unakamua majimaji pale uzi ulipo, na kihisi kinasoma sukari ndogo isiyokuwepo. Kwenye mchoro utaona mstari umeporomoka ghafla kama jiwe lililotupwa kisimani, kisha ukapanda ghafla vilevile mtu alipogeuka. Sukari inayoshuka kweli kwa kawaida huteremka kwa mteremko. Mwambie ageuke, choma kidole, kisha angalia simu tena baada ya robo saa. Ikijirudia kila usiku, kihisi kijacho kiwekwe mkono asioulalia. Kwa mama tulihamia mkono wa kulia na alamu za uongo zikaisha.

Lakini usizoee kusema "amekilalia tu" ukarudi kulala. Kuna usiku ambao alamu inasema kweli, na huku kwetu nimeona sababu hizi zikijirudia.

Mtu alishinda shambani. Msimu wa kuokota korosho, kuanzia Oktoba, mtu anainama na kuinuka tangu alfajiri. Misuli iliyofanya kazi huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi baada ya kazi kwisha, kwa hiyo sukari inaweza kushuka usiku wa manane wakati mtu alilala vizuri na alikula.

Alichoma insulini, au alimeza vidonge vya kisukari vya jamii ya glibenklamaidi, halafu chakula cha jioni kikachelewa au akala kidogo. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kuleta shida hii.

Alikunywa. Mabibo yakianza na uraka, pombe ya mabibo, nao unaanza. Pombe inalizuia ini kutoa sukari ya akiba, na sukari hushuka saa kadhaa baadaye, mtu akiwa usingizini. Kibaya zaidi, aliyeshuka sukari anafanana na mlevi: anayumba, anapayuka, anasinzia. Watu wakamwacha alale "pombe imtoke". Nawasihi sana ndugu wa mtu anayetumia insulini, mtu huyo asiachwe alale bila kuchomwa kidole, hata kama harufu ya uraka inasikika mlangoni.

Chanzo cha mwisho cha alamu ya uongo ni kihisi kipya. Saa 24 za mwanzo vingine husoma chini kuliko hali halisi kwa sababu mwili bado unapambana na kidonda kidogo cha uzi. Kwa hiyo usikiweke kihisi kipya jioni. Kiweke asubuhi, ili usiku wa kwanza kiwe kimekwisha kutulia kiasi.

Alamu za kweli zikija usiku mara mbili ndani ya wiki, usipunguze dawa kwa kukisia. Nenda kliniki na simu yako, waone mchoro wenyewe.

Kidole kinasema hiki, kihisi kinasema kile

Anza kwa kuuliza kama tofauti ni kubwa kweli. Kidole kikisema 10 na kihisi kikasoma popote kati ya 8 na 12, hakuna kilichoharibika. Mashine ya kidole nayo ina kiasi chake cha kukosea. Huhitaji namba zifanane, unahitaji zikupeleke kwenye uamuzi mmoja. Inayotia wasiwasi ni ile ya kihisi kusema 9 wakati kidole kinasema 3.5, au kinyume chake.

Sababu ya kawaida kabisa ni muda, kama nilivyoeleza. Pima tena baada ya dakika 20 ukiwa umekaa, hujala kitu hapo katikati. Angalia na mshale: ukiwa umesimama wima kwenda juu au chini, namba hizo mbili haziwezi kukutana kwa wakati huo.

Ya pili wengi hawaifikirii: mkosaji ni kidole. Mzee mmoja wa Tandahimba alifika mezani kwangu amekasirika. Kihisi kilisema 8.2, mashine ya kidole ikasema 17. Alitaka kukivua pale pale. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba mkono." Vidole vilikuwa vinanata. Njiani alikuwa amekula mabibo. Aliosha kwa sabuni, akafuta kwa kitambaa kikavu, akachoma tena, ikawa 8.9. Utomvu wa embe, bibo, muwa, hata togwa iliyokaukia kidoleni, huchanganyika na tone la damu na kuongeza sukari ambayo haimo mwilini. Spiriti peke yake haitoshi kuutoa. Maji na sabuni, kisha kukausha vizuri, maana kidole chenye maji nacho huzimua damu na namba inashuka kwa uongo.

Tatu, angalia stripu, vile vijikaratasi vya mashine ya kidole vinavyopokea tone la damu. Kichupa kilichoachwa wazi, kilichopita tarehe, au kilichokaa juu ya kabati chini ya bati kinaharibu kipimo. Unyevu wa pwani hii unaziharibu upesi. Toa moja, funga palepale.

Nne, dawa na vidonge vya nyongeza. Vitamini C ikizidi miligramu 500 kwa siku inaweza kuipandisha namba ya vihisi vya FreeStyle Libre, na watu wanapopata mafua hunywa vile vidonge vinavyochemka kwenye maji bila kuhesabu. Kwa wanaotumia vihisi vya Dexcom, haidroksiyurea, dawa wanayopewa wagonjwa wa seli mundu, hupandisha namba kwa uongo kabisa na usiitegemee namba hiyo. Mwambie daktari kila unachomeza.

Umekagua yote, na bado mara tatu kwa nyakati tofauti kihisi kiko mbali na kidole? Kihisi hicho hakifai. Kiondoe. Na kanuni ambayo naisimamia: insulini haichomwi kwa namba usiyoiamini. Mwili unasema jambo moja na simu jingine, choma kidole kabla ya kuchoma dawa.

Kuna kosa moja la muda ambalo ni la hatari kuliko yote. Mtu sukari imeshuka, amekunywa soda, dakika 10 zimepita, kihisi bado kinasema 3.4. Anaongeza soda nyingine, halafu chai yenye sukari, halafu mkate. Saa moja baadaye yuko kwenye 18. Ukishatibu sukari iliyoshuka, kipimo cha dakika ya 15 kiwe cha kidole, si cha kihisi.

Namba kubwa za kutisha: 126, 180, 240

Karibu kila mara ni kipimio tu. Huku kwetu hospitali zinasoma kwa milimoli, zile namba za 5, 7, 12. Vihisi na mashine zinazoletwa na ndugu walio nje, hasa Marekani, mara nyingi husoma kwa miligramu. Gawanya kwa 18. Kwa hiyo 126 ni 7, na 180 ni 10. Bibi mmoja kutoka Mchinga aliletwa na mjukuu wake hajala tangu jana yake kwa sababu ya 126. Inauma kuona mtu anajitesa njaa kwa kosa la hesabu.

Kwenye baadhi ya programu unaweza kubadili kipimio kwenye mipangilio, kwenye nyingine kimefungwa kulingana na nchi. Kama hakibadiliki, andika jedwali dogo nyuma ya daftari la kliniki: 70 ni 3.9, 100 ni 5.6, 180 ni 10, 250 ni karibu 14. Na umwambie kila nesi utakayemwonyesha simu.

Hao hao wanaoletewa vifaa kutoka nje hukutana na shida nyingine: kihisi cha nchi moja kinaweza kukataa programu iliyosajiliwa nchi nyingine. Kabla ndugu hajanunua, mpigie, mhakikishe kwamba kihisi, programu na simu yako vinakubaliana. Kifurushi kikishafika huwezi kufanya kitu.

Simu haisomi, au inaandika mawasiliano yamekatika

Hapa niko kwenye kazi yangu.

Angalia kwanza blututhi. Watu huizima kuokoa chaji, na kihisi kinachotuma namba chenyewe kinakuwa bubu. Iache imewashwa muda wote.

Pili, simu yenyewe inaiua programu. Simu nyingi za Android hufunga kila programu inayofanya kazi nyuma ya pazia ili betri idumu. Unalala ukijua alamu iko macho, kumbe ilizimwa saa tatu usiku. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya kihisi, iruhusu ifanye kazi bila kikomo. Kisha hakikisha inaruhusiwa kukutumia arifa na kulia hata simu ikiwa kimya. Usizoee kufunga programu zote kwa kuzifagia juu, maana na hiyo unaifagia.

Tatu ni umbali. Ukiacha simu chumba cha mbele ukaenda uani kuosha vyombo, ukuta wa tofali na mwili wako mwenyewe vinaziba mawimbi. Hesabu mita 6 bila kizuizi, chini ya hapo kukiwa na ukuta. Mama huitia simu kwenye mfuko alioushonea ndani ya dera.

Kwa vihisi vya kuskani, vile unavyosogezea simu ndipo visome, tatizo huwa ni NFC, njia ya simu kusoma kitu kilicho karibu nayo kabisa. Simu nyingi za bei ya chini hazina kabisa, kwa hiyo kabla ya kununua kihisi hakikisha simu yako inayo. Kama inayo, iwashe, vua kava nene au lenye sumaku, na jua antena iko wapi: kwenye iPhone ni ukingo wa juu, kwenye Android nyingi ni karibu na kamera au katikati mgongoni. Isogeze polepole, isubiri, usiigonge gonge kwenye kihisi. Libre za kuskani zinatunza kumbukumbu ya saa 8 tu, kwa hiyo ukilala saa tatu usiku ukaskani saa mbili asubuhi, sehemu ya usiku wako imepotea. Skani unapolala na unapoamka.

Tarehe na saa ya simu nazo ziwe za kujiweka zenyewe. Simu iliyokata chaji kabisa ikawaka na tarehe ya mwaka mwingine huvuruga programu.

Bando likiisha je? Kihisi kinazungumza na simu bila intaneti, namba na alamu vitaendelea. Kinachokatika ni kule kumtumia namba mtoto aliye Dar. Ndugu wa mbali asishtuke akiona kimya, apige simu kwanza.

Ikishindikana yote, zima simu uiwashe. Ikishindikana tena, ngoja dakika 10 ujaribu. Usiifute programu ukitaka kuiweka upya. Kwa Libre, ukiifuta kabla siku za kihisi hazijaisha unaweza kukipoteza kihisi kilicho mkononi, na nimeona watu wakilia kwa hilo kwa sababu pesa ya kingine ni ya mwezi ujao. Vilevile uzime masasisho ya simu yanayojiingiza yenyewe: toleo jipya la mfumo huweza kukataana na programu ya kihisi kwa wiki kadhaa.

Na kwa mafundi wenzangu: msikubali kukifungua kihisi au kukidanganya kiendelee baada ya siku zake kuisha. Uzi ule una kimeng'enya kinachochoka. Namba itaendelea kuonekana, lakini itakuwa haina ukweli, na mtu atachoma dawa kwa kuifuata namba hiyo.

Umeme ukikatika, mashine ya kidole yenye betri zake ndiyo akiba. Isikose nyumbani hata uwe na kihisi cha namna gani.

Kinabanduka

Jasho, mafuta ya kujipaka, na kugongwa. Ndiyo yote, kwa mpangilio huo. Kabla ya kukiweka, osha mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Ikibaki na unyevu, gundi haishiki. Siku hiyo usipake mafuta ya nazi mkono ule. Juu yake weka plasta maalumu ya kufunikia au bendeji laini isiyobana, ukiacha tundu dogo la katikati kama kihisi chako kinalo.

Mvuvi na mtu wa pwani wauangalie uwezo wa kifaa chao. Libre inavumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kuoga na kunawa hakuna neno, kuzamia chaza au pweza hapana.

Usikigundishe kwa supagluu. Nimeona ngozi iliyoungua kwa ajili hiyo. Kihisi kilichotoka uzi wake hakirudishwi: ukiurudisha unaingiza uchafu chini ya ngozi, na namba hazitakuwa za kweli.

Ngozi inawasha au imetoka vipele

Mara nyingi ni jasho lililofungiwa chini ya plasta, au kukirudisha mahali pale pale kila mara. Badilisha mkono kila kihisi, na hama upana wa vidole kadhaa kutoka kwenye alama ya zamani. Unapokivua, pakaa mafuta ya nazi ukingoni, subiri, kisha vuta taratibu ngozi ikishikiliwa na kidole kingine. Wengine wana mzio wa gundi yenyewe, na huo hukua kadiri unavyoendelea kuvaa. Vipele vyenye maji vinavyofuata umbo la kihisi ni dalili yake. Onyesha daktari, usivumilie.

Kwa sisi wa kusini kuna chanzo ambacho hutakiona kwenye vitabu vya maelekezo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na anayebangua korosho anayajua vidole vyake vinavyobambuka. Mkono wenye mafuta yale ukigusa ukingo wa kihisi, au ukijikuna hapo, utapata jeraha linalofanana na mzio wa gundi. Namna ya kutofautisha: vipele viko pia kwenye vidole, usoni, au popote ulipojishika? Basi ni korosho. Vaa glavu ukibangua, nawa vizuri kabla ya kugusa mkono, na wakati wa kupuliza salfa mashambani vaa shati la mikono mirefu.

Pakiwa pekundu, pamevimba, pana joto, panatoa usaha, au una homa, kivue uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kama unahisi uzi umekatikia ndani, usichimbe kwa pini wala wembe. Hiyo ni kazi ya wenye vifaa safi.

Kimekufa kabla ya siku zake

Wengi wanakigonga kwenye fremu ya mlango au kwa ndoo ya maji wanapoitua kichwani. Wengine walikihifadhi vibaya: boksi lina joto lililoandikwa, na chumba chenye bati bila dari saa nane mchana mwezi wa Novemba kinalipita. Kiweke chumba chenye ubaridi, chini, mbali na dirisha, kamwe si kwenye friza. Damu kidogo wakati wa kukiweka ni kawaida na hukauka. Damu isiyokoma ukiwa umebonyeza kwa dakika kadhaa, kivue. Tunza boksi na namba ya kihisi mpaka siku zake ziishe, maana muuzaji hawezi kukudaia fidia kiwandani bila hiyo.

Ukienda kupigwa picha ya MRI, mwambie mhudumu kabla hujaingia. Vihisi vingi vinatakiwa kuvuliwa.

Saa ya mkononi inayopima sukari bila kuchoma ngozi

Zinauzwa mpaka minadani. Wateja huniletea wakidai hazisomi sawasawa, na jibu langu ni kwamba hazikupata kusoma. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kupenya ngozi, kwa kuwa haikuwa imeidhinisha hata moja. Saa ya kweli huonyesha tu namba iliyotumwa na kihisi kilichovaliwa mwilini. Hapa nyumbani vifaa tiba viko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nunua kwenye duka la dawa linaloweza kujibu maswali. Saa hizo zihesabu hatua zako ukitembea ufukweni Shangani, basi. Usichome insulini kwa kufuata namba zake.

Alamu inalia wakati wa funga

Anayetumia insulini azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, dozi zipangwe upya. Kupima sukari, kwa kidole au kihisi, hakuvunji funga. Mwongozo wa madaktari ni kwamba ukishuka chini ya 3.9 au ukipanda kupita 16.6, unafungua saa hiyo hiyo, hata iwe imebaki nusu saa adhana ya magharibi. Chanzo cha kawaida ni daku iliyorukwa au dozi ya zamani. Weka alamu ya chini juu kidogo kwa mwezi huo, mfano 4.5, upate muda wa kukaa kivulini.

Mwaka jana mama aliniita saa kumi alasiri. Namba ilikuwa 3.8 na mshale chini, kidole kikasema 3.5. Hakutaka kufungua. Alikaa kwenye mkeka uani, kanga imefunika magoti, akasema imebaki kidogo tu. Nikamwambia, "Mama, hata shehe alikueleza, siku hii utaitolea fidia." Akanitazama muda mrefu, kisha akanyoosha mkono. Nilimpa tende 3 na kikombe cha maji. Tulikaa kimya dakika 15, nikamchoma kidole: 4.8. Kihisi kilikuwa bado kinaonyesha 3.6.